Dogo Anakuangalia Wewe

Leo tuzungumze kuhusu urithi. Ukisikia neno hilo labda unafikiria shamba la migomba au nyumba ya baba. Lakini upo urithi ambao hata asiye na shamba anaweza kuuacha. Ni kile unachokipanda ndani ya mtu mwingine.

Mfano upo hapa hapa Meru. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, unapita Tengeru, kisha Usa River. Pande hizo, chini ya mlima, ndipo kilipo kijiji cha Imbaseni. Huko walihamia Pete O'Neal na mkewe Charlotte, ambaye wengi wanamwita Mama C. Wote ni Wamarekani Weusi.

Mwaka 1969 Pete alianzisha tawi la chama cha Black Panther mjini Kansas City. Pamoja na kutetea haki za watu weusi, walikuwa wakiwapa watoto chakula cha asubuhi bure kabla ya shule. Mwanafunzi mwenye njaa atashika somo gani? Mwaka 1970 Pete alihukumiwa kifungo kwa kosa la kusafirisha bunduki. Akaikimbia nchi yake, yeye na mkewe, na mwaka 1972 wakafika Tanzania.

Sasa fikiri. Mtu yuko ugenini, na akirudi kwao anafungwa. Si angekaa tu akailaumu dunia? Wao walilima, wakajenga, na mwaka 1991 wakafungua kituo kiitwacho UAACC. Vijana wa kijijini wakafundishwa Kiingereza, kompyuta na sanaa bila kulipa ada. Baadaye wakaongeza makao ya watoto. Unaona? Moyo ule ule uliowalisha watoto wa Kansas City umefungua darasa Imbaseni.

Utasema, "Mimi ni chalii tu wa kijiweni, sina hela, nitamsaidia nani?" Subiri kwanza. Kuna dogo mtaani kwako anayekuangalia unavyoongea, unavyokunywa, unavyowatendea wasichana. Tayari unamfundisha. Swali ni: unamfundisha nini?

Anza hivi:

1. Chagua mmoja. Usitake kuokoa mtaa mzima.
2. Msikilize kabla ya kumshauri. Mahubiri amezoea.
3. Msifie kwa jambo unalolijua. "Hesabu ya leo umeikazania mpaka imetoka" ina nguvu kuliko "wewe ni mzuri."
4. Mfundishe unachokijua: kuziba pancha, kusuka, kusoma ramani.
5. Ukiahidi Jumamosi, fika Jumamosi. Dogo aliyezoea kuachwa ataikumbuka siku hiyo.
6. Jua mwisho wa uwezo wako. Akiwa mgonjwa, au akihofia mimba au VVU, usijifanye daktari. Msindikize kituo cha afya, na siri yake usiitangaze.

Tahadhari! Si kila anayejiita mlezi ni mlezi. Mtu mzima akikupa zawadi halafu akataka mwili wako, au akasema "usimwambie mtu," huyo anakuwinda. Malezi ya kweli hayaogopi kuonekana. Mwambie mtu unayemwamini, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Na usitegemee shukrani ya haraka. Anayepanda parachichi husubiri miaka, na pengine atakayekula hamjui. Lakini siku moja dogo wako naye atamshika mkono dogo mwingine, na maneno atakayomwambia yatakuwa yako. Huo ndio urithi.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

1. Nani alikutia moyo ulipotaka kukata tamaa? Alisema au alifanya nini?
2. Taja jambo moja unaloweza kumfundisha mdogo wako wiki hii, bila kutumia hata shilingi.
3. Utamtambuaje mlezi wa kweli na yule anayewinda?