Breki za Gari la Zamani: Yampasayo Mwenye Gari Kuyajua Kabla ya Kukabidhi Ufunguo kwa Fundi



Katika barabara itokayo Gitega kuelekea Ngozi, na ile ishukayo kutoka kituo cha mpaka cha Kobero, si ajabu kukuta gari lililomzidi umri dereva wake. Ziko Toyota Corolla za miaka ya 1980 na 1990, ziko Land Rover kuukuu, na mara moja moja hupita Peugeot 504, gari lililoanza kuundwa mwaka 1968 na kuunganishwa hata Kenya. Magari haya hubeba ndizi, wagonjwa, maharusi na wanafunzi. Hakuna sheria inayosema gari likizeeka lisitembee. Lakini askari aliyesimama kizuizini huziona taa, magurudumu na karatasi. Kilichomo ndani ya dramu ya breki hakioni. Hicho anakijua fundi, na inafaa mwenye gari naye akijue.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo adui mkubwa katika nchi ya miteremko. Breki haifanyi kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani 1 likiteremka mita 1,000 kwenda chini, na breki peke yake zikilizuia, joto litokalo latosha kuchemsha karibu lita 30 za maji ya baridi. Barabara ya Bugarama hadi Bujumbura hushuka zaidi ya kiasi hicho katika kilomita zipatazo 35. Dramu hulihifadhi joto hilo kama chungu, na magari ya zamani yana dramu nyuma. Mengine, kama Land Rover za kale, yana dramu magurudumu yote manne. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na bitana la kiatu likiungua huteleza. Dereva hukanyaga pedali ngumu kama jiwe na gari haliitiki. Dawa yake haipatikani dukani: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ikizuia.

Hapa sina budi kusema juu ya uhaba wa mafuta. Wapo madereva ambao, ili kuokoa petroli, huzima injini mteremkoni na kuliacha gari lijiendee. Gari lenye kisaidizi cha breki hutegemea mvuto wa hewa utokao kwenye injini. Injini ikizimwa, mvuto uliobaki hutosha kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo mguu wa mtu mmoja unafanya kazi iliyokuwa ya mashine. Na ufunguo ukichomolewa, usukani waweza kujifunga. Lita moja ya petroli iliyookolewa kwa njia hii ni ghali mno.

Pedali yenyewe husema mengi kwa anayeisikiliza. Ikizama mara ya kwanza na kupanda juu ya pili, ama kuna upepo ndani ya mirija, ama viatu vimeisha na vipo mbali na dramu. Ikishuka polepole huku mguu umetulia juu yake, na hapana mafuta yanayovuja nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Gari likivuta upande mmoja, silinda ya gurudumu la upande wa pili imekwama, au bitana lake limelowa mafuta. Wengi huzoea kupampu na kuendelea na safari miezi mingi. Katika Land Rover za kale hili ni jambo la kutisha kuliko katika Corolla, maana nyingi katika hizo zina njia moja tu ya mafuta ya breki: mrija mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki.

Sasa kuhusu kubadilisha vipuri. Viatu na padi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na kwa aina moja. Kuweka kipya upande mmoja na kuacha cha zamani upande wa pili ni kulifundisha gari kuruka mtaroni. Bitana lililopigwa ribiti lisiachwe likaisha hadi vichwa vya ribiti vikaikwaruza dramu. Dramu yenyewe huwa imechorwa kipimo cha upana wa mwisho, na diski huchorwa kipimo cha wembamba wa mwisho. Mwambie fundi akuoneshe namba hiyo. Silinda yenye vishimo vya kutu haiponi kwa msasa. Itazitafuna raba mpya kabla ya mvua kuja.

Kosa linaloua breki nyingi hufanywa kwa nia njema. Fundi husafisha silinda kwa petroli, au dereva aliyeishiwa huongeza mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki. Mafuta ya petroli na ya injini huvimbisha raba, zikakwama, na tangu hapo mfumo wote ni wa kufunguliwa upya. Wengine huongeza maji ya sabuni. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mvuke haubebi nguvu ya mguu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapungui nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na ya DOT 4 hayapungui 230. Lakini hunywa unyevu wa hewa, na yakishiba maji kiwango cha DOT 3 hushuka hadi 140. Kwa sababu hiyo chupa iliyokaa wazi dukani msimu mzima isinunuliwe hata kwa nusu ya bei. Inafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tena ni sumu, na hubabua rangi ya gari. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda nyumbani kwenye watoto.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Huanzwa kwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mmoja akikanyaga na kushikilia, mwingine akifungua nati na kuifunga kabla mguu haujaachia. Kikopo kisiishiwe katikati ya kazi, ama sivyo mnaanza upya. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi.

Neno moja kwa mafundi vijana, ambao nawaona wakipuliza dramu kwa mdomo au kwa pampu ya upepo. Bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu na ya utando wake, pengine miaka 20 hadi 40 baadaye. Loweshe vumbi kwa maji, futa kwa kitambaa kilicholowa na kukitupa, funika pua, wala nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Kazi ikiisha, jaribu kwanza pale gereji: kanyaga pedali na ushikilie, ukihesabu hadi thelathini. Kisha tembea taratibu mahali tambarare pasipo watu, simama mara kadhaa, ondoa mguu, gusa kila gurudumu kwa kiganja kwa tahadhari. Lililo moto kuliko mengine linabana. Lililo baridi halifanyi kazi. Lipe gari kilomita zipatazo 200 za kusimama kwa upole ili bitana jipya lishikane na dramu, na katika siku hizo usilipakie mzigo wa kwenda Kobero.