Kabla Hawajaifomati

Wadogo zangu wa Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, swali linalonifikia mara nyingi ni hili: "Yaya, kompyuta ya ofisi haiwaki, fundi anasema tuifomati. Tukubali?" Bado. Kufomati ni kufuta. Ndani ya diski mna buletini za wanafunzi, faili za wanaoandaliwa kwa mtihani wa taifa, Exetat, hesabu za ushirika, na pengine nakala nyingine haipo popote. Tena mara nyingi ugonjwa hauko kwenye diski kabisa.

Ulizeni kwanza mashine imesafirije. Ikipakiwa kwenye pikipiki kutoka Sake kupanda Masisi, au ikirushwarushwa na lori kwenye matope ya kuingia Walikale, kadi ya kumbukumbu (RAM) huachia kidogo. Feni zinazunguka, kioo kinabaki cheusi, wakati mwingine inalia "pii, pii". Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, ndipo ufungue. Toa kadi, sugua meno yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa, irudishe mpaka kibano kifunge. Mashine zilizokwisha kuzikwa kwa maneno huamka hapo.

Wala msiogope huo ubao wa saketi mnaouona ndani. Bati la kuunganishia vipande vyake hutokana na madini ya aina ile inayochimbwa milimani Bisie, na kapasita za tantali zilizomo katika vifaa vingi hutokana na koltani kama ya Rubaya. Watoto wa milima hiyo wana haki ya kujua kilichomo ndani ya boksi, si kubeba mizigo tu.

Kuhusu umeme: kompyuta nyingine za mitumba zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na waya, yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 220. Ukiikuta kwenye 115, usichomeke kabla ya kuisogeza kwenye 230. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo kompyuta. Jirani akianza kuchomelea vyuma kwa jenereta hiyohiyo, hifadhi kazi, zima, msubiri amalize.

Sasa saa. Unawasha, mashine inasema tuko 2009, na kurasa za intaneti zinagoma zikidai si salama. Watu hulaumu mtandao, wananunua megabaiti nyingine, bure. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine iliyobaki 2009 inakiona cheti hicho hakijaanza kazi. Badilisha betri ya duara inayotunza saa kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, kisha rekebisha tarehe. Mkiwa kwenye Windows, chagueni majira ya Harare na Pretoria. Kongo ina majira mawili, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya Kivu Kaskazini kwa saa moja.

Na Windows yenyewe ikikataa kufunguka? Tafuta mwenye intaneti nzuri akuwekee Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, kwenye flashi. Washa mashine ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea kampuni iliyoitengeneza, chagua flashi, na fanya kazi bila kuiweka ndani ya diski. Nyaraka zikionekana, zinakili kwenye flashi nyingine na uzifungue kwenye mashine ya pili. Zikifunguka, sasa mwite fundi afomati.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 kwa kukosa kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hizo, Mint inaweza kukaa moja kwa moja: haidai leseni, na inakuja na LibreOffice ya barua na hesabu. Ijaribuni kwanza kupitia flashi, na hasa mhakikishe printa yenu inaitikia.