Maji Yamejaa Uani: Ununue Pampu Gani?

Maji ya masika yakishaingia uani hapa Miritini hayaondoki upesi. Chini yetu kuna mwamba wa tope lililoshindiliwa, ambao wanajiolojia wameuita kwa jina la mtaa wetu, na udongo utokanao nao ni mfinyanzi. Ukishashiba haunywi tena. Kwa nyumba iliyo bondeni, ndoo na kopo havitoshi. Inatakiwa pampu.

Kabla ya kuuliza bei, pima maji yenyewe. Tuseme ua wako una mita 10 kwa 12 na maji yamefika sentimita 20, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Hizo ni lita 24,000. Pampu ndogo ya stima inayotoa lita 150 kwa dakika itachukua saa 2 na dakika 40. Ya petroli ya inchi 2, ikitoa lita 500 kwa dakika, itamaliza kwa dakika 48. Mvua ikiwa bado inanyesha, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama magodoro yatapona.

Muuzaji atakuonyesha namba mbili kwenye kibati cha pampu: lita nyingi kabisa inazoweza kutoa, na mita za juu kabisa inazoweza kupandisha maji. Namba hizo hazipatikani kwa pamoja. Pampu ikifikia kimo chake cha mwisho, haitoi hata tone. Ikitoa lita zake zote, haipandishi popote. Mweleze muuzaji kimo cha ukuta au barabara ambayo maji yatavuka, kisha umuulize hapo zitatoka lita ngapi.

Halafu kuna uchafu, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Mimi nilinunua pampu ya kisima kwa sababu ilikuwa rahisi. Siku ya mvua ilivuta tope, majani na karatasi ya mkate, ikakwama kabla ya robo saa. Fundi alipoifungua, gurudumu la ndani linalosukuma maji lilikuwa limezungukwa na nyuzi za gunia. Maji ya mafuriko yanataka pampu ya maji machafu, yenye nafasi pana ndani ya kupitisha takataka ndogo. Hata hiyo, mdomo wa mpira wa kuvutia uwe na chujio, nawe uutie ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu ili usikae juu ya tope.

Stima au petroli? Pampu ya stima ya kuzamisha haina kelele, na yenye boya hujizima maji yakiisha. Lakini mvua kubwa na kupotea kwa stima huja pamoja. Kwa nyumba inayofurika kila mwaka, mimi nachagua petroli. Ya namna hiyo hukaa pakavu na kuvuta kwa mpira mgumu usiojikunja. Ijaze maji kabla ya kuiwasha, na usitegemee ivute kutoka kina kinachozidi mita 7.

Tafadhali, injini ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Ukichagua ya stima, weka swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, plagi iwe juu na pakavu, wala usiingie majini kabla ya kuichomoa. Vaa gambuti: maji hayo yamepita kwenye mashimo ya vyoo.

Jambo la mwisho la kupima ni urefu wa mpira wa kutolea. Ufike kwenye mtaro, si kwa jirani wa chini. Majirani watatu wakichanga, wanaweza kupata pampu ya inchi 3 na mpira wa kufika mbali, badala ya kila mmoja kumsukumia mwenzake maji.

Nenda dukani Februari, kabla bei hazijapanda, na uombe pampu iwashwe mbele yako kwenye pipa la maji. Kinga kwa mtungi wa lita 20 na uhesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 8, hizo ni lita 150 kwa dakika, hata kibati kiseme vingine.