Chaja ya Polepole Ina Faida Gani?

Wanafunzi wenzangu, wengi hudhani chaja ya polepole ya gari la umeme haifai kitu. Mimi napinga. Hebu tupige hesabu. Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Gari dogo likila yuniti 20 za stima kwa kilomita 100, safari hiyo italigharimu yuniti 18. Chaja ya kilowati 3 huzirudisha kwa saa 6 tu, na mgeni wa hoteli bado anakoroma! Chaja ya kilowati 50 ni ghali mno na hutaka nyaya nene. Hiyo iwekwe barabarani, kwa wapitao. Enyi wenye hoteli ndogo, msingoje utajiri. Haba na haba hujaza betri pia.