Kipindupindu cha Mwaka 1869 na Maji ya Mji wa Zanzibar

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa hapakuwa na bandari kubwa kuliko Zanzibar katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tangu Sayyid Said bin Sultan ahamishie makao yake huko kutoka Maskati, karafuu, pembe za ndovu na sandarusi zilipita katika gati zake, na watu waliuzwa katika soko lake la watumwa, ambalo halikufungwa hadi mwaka 1873. Mjini waliishi Waswahili, Waarabu wa Omani na Hadhramaut, Mabaniani, Makhoja na Mabohora kutoka India, Wangazija, na maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka Nyasa na sehemu nyingine za bara. Wote hao walitofautiana kwa dini, lugha na mali, lakini walikuwa na jambo moja la pamoja: wengi wao walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye mashimo ya vyoo.

Wakazi wa mji huo walikuwa wameshazoea kuutazamia ugonjwa wa kipindupindu, ambao wazee wa pwani waliuita waba, kutoka baharini. Mwaka 1821 uliishambulia vikali Maskati, na kwa kuwa vyombo vya Maskati ndivyo vilivyoteremka Unguja kila msimu wa kaskazi, ugonjwa nao uliteremka. Ulirejea mwaka 1836 na 1837, kisha mwaka 1858 na 1859. Kwa hiyo ulipozuka tena mjini mnamo Novemba 1869, macho ya watu yalielekea bandarini. Mara hii yalielekea pasipo, kwani ugonjwa uliingia kwa mlango wa uani.

Aliyelithibitisha jambo hilo ni James Christie, tabibu Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, na ambaye mwaka 1876 alichapisha mjini London kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Aliwauliza watu. Aliwahoji wafanyabiashara na viongozi wa misafara waliorejea kutoka bara: walipita wapi, waliuona ugonjwa mahali gani, na walipoondoka ulikuwa umefika wapi. Kutokana na majibu yao aliweza kuifuata njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi, kupitia nchi ya Wamasai, hadi Pangani, ambako misafara ya pembe iliishia. Kutoka Pangani hadi Unguja ni safari fupi ya mashua. Inafaa kusema hapa kwamba sifa za kitabu hicho humwendea mwandishi peke yake, ilhali elimu iliyomo ilikuwa kwanza katika vichwa vya watu wa misafara.

Kinachoshangaza wasomaji wengi ni kwamba msafara uliweza kuubeba ugonjwa mkali kiasi hicho kwa safari ya wiki nyingi bila kuangamia wote njiani. Elimu ya leo inalieleza jambo hili vizuri. Kimelea cha kipindupindu huingia mwilini kwa maji au chakula, na dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa kinyesi chao huwa na vimelea. Mpagazi mzima wa afya, aliyechutama karibu na kisima cha kambi, alitosha kukiachia kijiji kizima msiba asioujua mwenyewe.

Ulipofika mjini, upepo ulichukua kazi iliyokuwa imefanywa na miguu. Kaskazi husukuma majahazi kuelekea kusini, na ugonjwa ulifuata mkondo huohuo: Kilwa, Visiwa vya Ngazija, Msumbiji na Madagaska. Misafara mingine iliyotoka pwani iliupeleka hadi nchi za Maziwa Makuu. Hata wapagazi waliokuwa wakimpelekea David Livingstone mahitaji yake walikumbwa nao.

Maji chini ya mji

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ya matumbawe, na nyumba zake kubwa zimejengwa kwa mawe hayohayo. Jiwe la matumbawe lina vitundu na nyufa. Maji hupenya ndani yake upesi, wala hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga mzito. Kilichomwagwa katika shimo la choo kiliweza kukifikia kisima cha jirani kabla ya vimelea kufa. Maji yenyewe yalikuwa meupe na baridi, hayana harufu. Mnywaji hakuwa na sababu ya kuyashuku.

Ng'ambo ya kijito cha Darajani, katika vibanda vya udongo na makuti, hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko waliishi maskini, watumwa na walioachwa huru, na katika tabaka hizo ndimo vifo vilimokuwa vingi. Tajiri angeweza kutumiwa maji kutoka mbali au kuhamia shamba. Mtumwa alikunywa alichopewa.

Kiu ya mgonjwa

Mgonjwa mahututi wa kipindupindu anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Kinyesi hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Macho hudidimia, sauti hufifia, misuli ya miguu hukaza kwa maumivu, na mapigo ya moyo hayasikiki kwenye kifundo cha mkono. Kinachoua ni kukauka kwa mwili, tena ndani ya saa chache.

Waganga wa Ulaya wa zama hizo walitoa kalomeli, ambayo ni dawa ya zebaki, walitoa afyuni, na wengine waliwatoa damu wagonjwa ambao damu yao ilikwisha kuwa nzito kwa kukosa maji. Walikuwapo pia walioagiza kwamba mgonjwa anyimwe maji. Uchungu wa habari hii ni kwamba dawa ilikwisha kupatikana. Mwaka 1832, katika bandari ya Leith huko Uskochi, daktari Thomas Latta aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa wakikata roho, na baadhi yao wakainuka. Njia yake iliachwa, na miaka 37 baadaye watu wa Zanzibar walikufa kwa kiu ileile.

Imani ya kumnyima maji anayeharisha haijatoweka. Yapo majumba ambamo mama bado humzuia mtoto kunywa kwa kuhofu kwamba maji yatazidisha kuhara. Ukweli ni kinyume chake: kila anachopoteza mgonjwa lazima kirudishwe, kwa pakiti ya ORS iliyochanganywa katika lita moja ya maji safi. Ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, katika lita hiyo hutosha wakati wa kumpeleka kituoni. Anayetapika apewe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, na mtoto anyonyeshaye aendelee kunyonya. Aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji dripu bila kuchelewa. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, mililita 30 za maji ya Ringer kwa kila kilo ya uzito ndani ya nusu saa ya kwanza, na mililita 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu zinazofuata. Palipo na tiba hii, vifo hushuka chini ya mmoja kwa kila wagonjwa 100.

Mifereji ya Barghash

Sayyid Barghash alitawazwa Oktoba 1870, mlipuko ukiwa umetulia. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay na kuuona mji mwingine wa bandari. Katika utawala wake maji ya chemchemi za kaskazini ya mji yaliletwa mjini kwa mifereji, na watu wakayateka bila malipo. Kazi hiyo iliokoa watu wengi kuliko dawa yoyote ya wakati wake, ingawa Barghash hukumbukwa zaidi kwa jumba lake la Beit el Ajaib.

Mji ulikua kupita mifereji yake. Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka tena Zanzibar, na tangu hapo kimerudi mara nyingi, hasa nyakati za mvua na katika mitaa ambayo visima na vyoo vinakaribiana. Mapema mwaka 2009 chanjo ya kunywa, dozi mbili, ilitolewa kwa wakazi wa maeneo yaliyoathirika sana Unguja na Pemba, yakiwemo Chumbuni na Mwambe, nayo ikaonekana kuwakinga waliochanjwa kwa asilimia 79. Kabla ya chanjo hiyo, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba Chumbuni na Mwambe, wakakaa barazani na kuwauliza wenyeji jinsi wanavyouelewa ugonjwa huu na unakotoka.