Usukani Uliochakaa: Kabla Kikundi Hakijanunua Kava

Vikundi vyetu vingi vina pikapu kuukuu ya kubeba maziwa, mboga na mbolea, na siku ya mazishi inabeba watu. Peugeot 504 zilizounganishwa hapa hapa Kenya bado ziko njiani, na Hilux na Land Rover za miaka ya themanini ndio usiseme. Hata gari la mtumba kutoka Japani, ambalo kanuni zetu zinataka lisizidi miaka 8 likiingia nchini, linaanza kazi hapa likiwa tayari limeshikwa na mikono mingi. Uzee huo huonekana mapema kwenye usukani, au stelingi kama madereva wanavyouita.

Katika mkutano mmoja wa kamati nilisikia hivi: "Stelingi ni mapambo tu, tununue kava tuendelee." Mimi sikubaliani. Usukani ukichakaa kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. Je, kilichochakaa ni ganda la nje linaloshikwa na dereva? Ama ni vyuma na viungo vinavyotoka hapo kwenda mpaka magurudumu ya mbele? La kwanza ni kazi ya siku moja na pesa kidogo. La pili linaweza kuua watu. Na kava mpya inayong'aa hulificha hilo la pili vizuri sana, kwa sababu kila mtu akiingia ndani anasema gari imekuwa mpya.

Kwa hivyo tuanze na vyuma. Jaribio hili linataka watu wawili, rula ya mtoto wa shule na kipande cha chaki. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakitazama mbele, handibreki imevutwa, mawe yamewekwa nyuma na mbele ya magurudumu. Kama usukani wa gari lenu unasaidiwa na injini, washeni injini, gia ikiwa nyutro. Dereva atie alama ya chaki juu ya usukani na kuishika rula hapo karibu. Auzungushe polepole kwa vidole viwili tu, upande huu na upande ule, huku mwenzake aliye nje akitazama gurudumu. Gurudumu likianza kusogea, aseme. Ule mwendo ambao usukani unaenda bure kabla gurudumu halijasikia ndio mnaoupima. Kwa Toyota nyingi kitabu cha gari kinasema usizidi milimita 30, karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Ukizidi hapo, hamna haja ya kuzungumza habari ya kava. Pelekeni gari kwa fundi akaangalie tairodi, boljointi na boksi ya stelingi.

Zima injini sasa. Shika usukani kwa mikono miwili, uuvute kwako, uusukume, uuinue juu na kuushusha chini. Ukicheza, huenda nati ya katikati imelegea, au bushi za ule mhimili zimekwisha. Usukani hukaa juu ya mhimili wenye meno. Ukiona usukani unazunguka kidogo na mhimili wenyewe umetulia, gari hilo lisitoke hapo lilipo, hata kama maziwa yanangoja. Pia muulizeni dereva: ukienda barabara nyoofu, usukani unakaa sawa ama umeinama upande? Ukiinama, ama magurudumu yanataka kupangwa upya, ama kuna mtu aliufungua usukani akaurudisha vibaya.

Kama vyuma ni vizima, tunaweza sasa kuja kwa lile ganda. Ndani ya usukani kuna pete ya chuma. Magari ya zamani yalivikwa plastiki ngumu, ambayo jua la miaka mingi huipasua. Ya baadaye yalivikwa plastiki laini au ngozi, na hiyo huharibiwa na jua pamoja na jasho na mafuta tunayojipaka, mpaka inanata mkononi kama gundi au inabanduka vipande vipande. Mtaona upande wa kulia umeisha zaidi. Kwetu dereva hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo wa kulia haupumziki.

Wakati mwingine kinachoonekana ni uchafu tu. Osheni kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, mfute, mkaushe. Msitumie petroli wala thina, maana zinakula plastiki na kesho itanata zaidi. Na ile dawa ya kung'arisha magurudumu, vijana wa kuosha magari wanaipenda, lakini kwenye usukani inaleta utelezi. Wakatazeni.

Plastiki ngumu iliyopasuka inaweza kuzibwa. Ufa hukwanguliwa uwe mpana kidogo, husafishwa, hujazwa ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, huachwa mpaka ikauke kabisa, halafu hupigwa msasa na kupakwa rangi. Lakini kama ni pete yenyewe ya chuma iliyoliwa na kutu, au mikono ya usukani imepata ufa, hakuna kuziba. Wala msikubali ichomelewe. Mimi nawaheshimu sana mafundi wetu wa jua kali, lakini hapo hapana.

Kava je? Iko ile ya kuvalishwa kama soksi na iko ya kushonwa. Kikundi kimoja cha maziwa ninachokitembelea kilinunua ile ya soksi, ya bei ya chini, bila kupima. Wakiteremka kwenye kona, dereva alizungusha kava, usukani ukabaki pale pale. Gari liligonga ukingo wa barabara, debe zikamwagika. Hakuna aliyeumia, lakini maziwa ya asubuhi nzima ya wanachama yaliingia mtaroni. Kilichonisikitisha ni kwamba dereva alikuwa amesema wiki mbili mbele kwamba kava inateleza. Kamati, ambayo hakuna hata mmoja wao anayeendesha, iliona analeta maneno.

Basi pimeni usukani kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Ya magari madogo mingi iko kati ya sentimita 36 na 40, ya Land Rover za zamani na malori ni mikubwa zaidi. Nunueni kava ya kipimo hicho, na mimi ningechagua ya kushonwa, kwa sababu mshona viatu yeyote hodari ataikaza. Ikishavikwa, ishikeni kwa nguvu kama mnaokamua nguo. Ikisogea hata kidogo, itolewe siku hiyo hiyo.

Kununua usukani mwingine uliotolewa kwenye gari bovu pia ni njia. Pale Kirinyaga Road, Nairobi, na kwa wauza vipuri wa miji mingine hupatikana. Nendeni na ule wa zamani mlinganishe meno ya katikati, na fundi atie alama kabla ya kuufungua. Lakini kama katikati ya usukani kuna herufi SRS au neno AIRBAG, mna mfuko wa hewa wenye baruti ndani, unaofumuka gari likigonga. Hapo msiguse wenyewe. Fundi anayeijua kazi hiyo atatoa waya wa betri kwanza na kungoja kama kitabu cha gari kinavyosema. Wala msifunge usukani usio na mfuko mahali ulipokuwa wenye mfuko.

Maswali ya kujadiliana mkutano ujao, dereva akiwepo na akianza kusema yeye: Mara ya mwisho dereva wetu kulalamika juu ya gari ilikuwa lini, na tulimjibu nini? Ni nani katika kikundi ana uwezo wa kusema "leo gari halitoki", na je, tutamlipa siku hiyo? Pesa za matengenezo zimewekwa kando, ama tunazitafuta gari likishakwama?