Kilabu ni mtoto wa mshahara

Swali: Je, vilabu vya pombe vijijini Korogwe na Handeni ni mila ya kale?

Jibu: Pombe ni ya kale, kilabu si cha kale. Wazigua wa huko walikunywa kwenye matambiko na kazi za ujima, na mnywaji hakutoa senti. Kunywa kwa kulipa kunataka mwenye mshahara, naye aliletwa na mkonge, ulioingia mwaka 1893, na reli ya Tanga iliyofika Korogwe mwaka 1902: manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali, wengi bila mke wa kuwapikia pombe. Utasema kuuziana kulikuwapo tangu zamani, kwa kuwa misafara ya biashara ya Pangani ilinunua vyakula njiani kabla ya Mjerumani. Kweli, lakini msafara hupita. Manamba alirudi kilabuni kila jioni, kata mkononi, povu likidondokea benchi. Mji wa Handeni haukupata reli, ila waliokwenda kukata mkonge walirudi na fedha mfukoni.